Maombi ya Somo Yako

Muyeye, Malindi
Jumatatu

Kwako Shangazi yangu Kahonzi,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti limepunguza ukali tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Menza anakusalimu. Tuktuk yake imetoka gereji na imerudi barabarani, kwa hivyo mume wangu amerudi kuwa mtu wa kusemeka naye. Somo yako, binti yangu, pia hajambo, ingawa najua si afya yake uliyoiuliza. Nasikia nyumba yako haivuji tena. Tumeshukuru kwamba mwaka huu mvua haikukufuata kitandani.

Barua yako nililetewa na mama anayeuza mchicha, yule anayepita kwako Kakuyuni alfajiri. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Umesema habari zimekufikia. Umesema mtoto anayebeba jina lako amelitia aibu mbele ya madhabahu, kwamba mimi Sidi nimeshindwa na malezi, na kwamba Jumapili hii nimsimamishe mbele ya kanisa aombe radhi, la sivyo nisikuite shangazi tena. Ni maneno mazito, na hujawahi kuniandikia mengine kama hayo. Lakini waliokuletea habari ni watu ambao ukweli ukikutana nao njiani huvuka upande wa pili, kwa hivyo niruhusu nikueleze mimi, kisha uamue ni nani wa kuomba radhi.

Mzee Ziro unamjua vizuri. Tangu achaguliwe mzee wa kanisa amenenepa shingo, na tangu awe mpambe wa huyu Mheshimiwa anayetaka kiti cha wadi, amenenepa na sauti. Mwaka huu, kura zikianza kunukia, Roho alimshukia ghafla akaona kwamba watoto wa Muyeye hawajui uraia. Akaanzisha darasa baada ya ibada, akaliita Raia Wadogo wa Kristo. Sisi wazazi tukaitwa ukumbini kupewa semina. Alikuja na suti na tai, siku ambayo hata kuku walikuwa wamepanua midomo kwa joto, akatuhutubia mpaka jasho likamfika kwenye soksi.

Alitukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kana kwamba sisi watu wa pwani tungelijua wapi. Akasema mtoto wa Kikristo asiwe bubu katika nchi yake. Ajue mali ya umma ni mali ya Mungu aliyowakabidhi watu, amuulize kiongozi swali bila kutetemeka, na aseme kweli hata ikiwa inamgusa mkubwa wake. Halafu akafika kwenye sala. Alisema kumwombea kila mtu kwa jumla, viongozi wetu na wahusika wote, ni uvivu wa kiroho. Mtu atajwe kwa jina lake, na haja yake itajwe, ndipo dua iwe dua. Tafadhali lishike hilo, Shangazi, maana ni yeye aliyelisema wala si mimi. Akina mama walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, kwa kuwa maneno yalikuwa mazuri. Ubaya wa maneno mazuri ni kwamba hayachagui mdomo.

Watoto wake mwenyewe hawamo darasani humo. Wako shule ya bweni huko bara, na wakirudi Desemba hupita kibandani kwangu ninaposhonea pasipo hata kuniamkia. Darasa ni la watoto wetu. Mimi nilipewa kazi ya kuwashonea mikanda ya begani, ya manjano yenye maandishi ya kijani, Raia Mwema. Phoebe, mkewe Ziro, ndiye aliyechagua rangi. Alipokuja kuichukua aliitandaza juu ya cherehani, akasema imeoana kabisa na mabango ya Mheshimiwa. Akacheka kwa furaha, maskini, hata hakuona kwamba amesema kitu.

Sasa nije kwenye uwanja. Uwanja wa nyuma ya kanisa wewe ndiwe uliyetusimulia, mimi kwanza na somo yako baadaye. Ulitwambia kanisa lilipokwisha kujengwa, sehemu ile ya nyuma ilikuwa mawe matupu ya matumbawe, makali ya kukata kiatu. Wanaume walikaa kivulini wakajadili. Akina mama mkachukua makarai mkaanza kuyaondoa, jiwe kwa jiwe, mpaka watoto wakapata mahali pa kukimbia bila kuchanika nyayo. Wewe ulikuwa mbele, karai kichwani, na mimi nikiwa nimefungwa mgongoni mwako kwa leso kwa sababu mamangu alikuwa mgonjwa. Tangu hapo watoto wa shule ya Jumapili na watoto wa madrasa wamecheza pale pamoja, na jirani yangu Ruqaiya anasema wanawe walijifunza kutembea kwenye uwanja wa kanisa kabla hawajajifunza kwenye ua wao.

Mheshimiwa anautaka uwanja huo ajenge maduka. Ili aupate, ameandaa karatasi inayosema kwamba pale ni mapori tu, hapachezwi, hapajawahi kutengwa kwa ajili ya watoto. Alihamisi hii kutakuwa na kikao cha maoni ya wananchi kwenye ukumbi wa wadi, na karatasi hiyo itasomwa. Waliotia sahihi wamefadhiliwa mabati, mapya, ya buluu. Yalishushwa kwenye lori mchana kweupe, kukatangazwa kwamba ni msaada wa wajane na wasiojiweza. Ziro, ambaye nyumba yake ni ya vigae, alijikuta ghafla hajiwezi. Mabati yake ameezekea banda la kuku, na sasa kuku wake wanalala kwa heshima kuliko nusu ya waumini. Phoebe akapata yake, eti ya jiko. Mzee Kazungu, mweka hazina wetu, ameyafanya ua ili tusione ndani kwake, na hapo nakiri ametufanyia wema.

Nilifika siku ya Jumapili ya Watoto nikiwa nayajua yote hayo, kama kila mtu alivyoyajua, na kama kila mtu nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri na kunyamaza. Mheshimiwa aliwekwa mbele kabisa, kwenye kochi lililobebwa kutoka sebuleni kwa Ziro, vitambaa vyake vya kufuma vikiwa bado juu. Watoto waliimba na mikanda yao ya manjano. Wakasema mistari. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa mapigo yasiyohusiana na wimbo. Kisha somo yako akaitwa kuongoza maombi, maana ndiye mwenye sauti ya kusikika na ndiye anayeanza mafunzo ya kipaimara. Ziro alikuwa amemwandikia karatasi ya kusoma. Nilimwona mtoto anaiacha kwenye benchi, nikadhani ameisahau.

Unajua watu wetu wanavyoitikia maombi, Shangazi. Anayeongoza akisema, Bwana, katika rehema zako, wao hujibu, Bwana, utusikie, vile mtu aliye jikoni anavyojibu hodi, bila kuinua uso kumtazama aliye mlangoni. Mtoto akawaombea wagonjwa, akawataja. Bwana, utusikie. Akawaombea walio safarini. Bwana, utusikie. Halafu, kwa sauti ileile, macho kayafumba, akamwombea Mzee Ziro, ambaye ametia sahihi kwamba uwanja hauchezwi, ilhali kila Jumamosi huwapigia filimbi watoto humohumo. Akaomba Mungu ampe nguvu ya kuyarudisha mabati. Kanisa zima likajibu, Bwana, utusikie, na sauti iliyosikika juu ya zote ilikuwa ya Ziro mwenyewe.

Akamwombea Mama Phoebe arudishe yake. Wakaitikia. Akamwombea Mzee Kazungu, na Kazungu akainua mkono juu kama mtu aliyeguswa na Roho. Hapo vichwa vilianza kuinuka, kimoja hapa, kimoja kule. Akamalizia na Mheshimiwa, kwamba Mungu ampe afya njema na kiwanja kingine. Kwa Mheshimiwa waliitikia wanakwaya peke yao, kwa kuwa kwaya yetu haijawahi kusikiliza chochote. Menza alijitia kukohoa akatoka, na nilimsikia nje akicheka huku ameegemea ukuta. Kasisi akatwambia tusimame tuimbe. Tukasimama, lakini hakuna aliyekumbuka wimbo gani. Mheshimiwa alitabasamu mpaka mwisho wa ibada, meno yote, macho hapana.

Baada ya hapo ndipo ungewaona hao walimu wa uraia. Tuliitwa kwenye chumba cha kasisi, mimi na mtoto. Ziro alisema mtoto ametumwa na mpinzani. Nikamwambia alitumwa na semina. Akasema kuna kusema kweli na kuna kukosa adabu. Nikamuuliza alitufundisha lipi, maana karatasi zake zote ninazo kichwani. Phoebe alilia akasema amedhalilishwa, naye wakati huohuo alikuwa amejifunga leso yenye uso wa Mheshimiwa kiunoni, sehemu ambayo sitaiandika kwenye barua yenye heshima. Wakakata shauri. Mtoto aombe radhi mbele ya kanisa baada ya wiki mbili, la sivyo jina lake litolewe kwenye orodha ya kipaimara na hatawekewa mikono askofu atakapokuja. Kasisi, akitazama viatu vyake, alisema maombi yale yalikuwa ya kweli lakini wakati wake haukuwa ule. Nilimuuliza wakati wa maombi ya kweli ni upi. Akasema atatafakari. Mpaka leo anatafakari, na mimi simlaumu, si kazi aliyoizoea.

Nawadharau, Shangazi. Nasema waziwazi, na kama ni dhambi nitaitubu baadaye nikipata nafasi. Nawadharau kwa sababu walitaka watoto wenye ujasiri wa kuonyeshwa wageni tu, kama vikombe vya kabatini, na mtoto alipojaribu kunywea kikombe wakapiga kelele. Mimi nilirudi nyumbani kichwa juu. Nilimkaangia somo yako samaki mzima peke yake. Nilikuwa najiambia kwamba katika kanisa lote kuna mtu mmoja tu ambaye, akisikia, atafurahi kuliko mimi, naye ni wewe.

Ndipo barua yako ikaja. Nilimsomea. Nilidhani atakasirika, au atanuna kama wanavyonuna watoto wa umri wake. Alilia, Shangazi. Alilia kwa muda mrefu akiwa amejifunika leso usoni, na nilipombembeleza nikimwambia kwamba bibi yake, hawe kama anavyokuita, amedanganywa na watu, akatikisa kichwa akasema hawe hakudanganywa na mtu. Kisha akanieleza ya likizo ya Aprili alipokuwa kwako.

Alisema lori lilikuja na Mzee Ziro akashuka, na kijana mwenye mkoba. Ulimwagiza yeye awaletee wageni maji. Alikuwa amesimama na sinia mlangoni walipokuuliza wewe, mama pekee aliyebaki kati ya waliokuwepo wakati ule, uwanja ulikuwa wa nini. Anasema uliwaambia ilikuwa sehemu iliyobaki tu kanisa lilipokwisha, kwamba hakuna aliyeisafisha kwa ajili ya watoto. Ukatia sahihi. Makuti yakashushwa siku ileile na mabati ya buluu yakapanda. Mtoto alilala chini yake mpaka likizo ikaisha, na anasema mvua ilipopiga hakuweza kulala kwa kelele.

Sasa nimeelewa kwa nini Ziro alikimbilia kwako kwanza. Hao wengine ni wapiga makofi, sahihi zao ni za kujaza nafasi. Karatasi ile ina miguu miwili, na miguu yote miwili ni yako. Bila neno lako Mheshimiwa hana historia, ana tamaa tu.

Nilimuuliza mtoto kwa nini hakukutaja. Alisema alikuwa amekupanga baada ya Mzee Kazungu. Alikuwa amelifanyia mazoezi. Ila alipofika pale, jina lilikataa kutoka, kwa kuwa ndilo jina analoitwa yeye kila siku, na akaona kama anajishtaki mwenyewe. Akakuruka akaenda kwa Mheshimiwa.

Umeniumiza. Sijui njia nyingine ya kuliandika. Dharau niliyo nayo kwa watu wa Muyeye ni nyingi, nimeishi nayo, hunisaidia hata kushona. Lakini kwako sikuwa nimeweka hata chembe, na sasa imenilazimu nikukatie fungu lako. Ziro aliuza kitu ambacho hakukibeba. Wewe uliuza mawe uliyoyatoa kwa kichwa chako mwenyewe, na mtoto akiwa mgongoni. Kisha, kwa kalamu ileile, ukaniandikia kwamba nimeshindwa na malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ndivyo ulivyokuwa ukisema. Basi huyu nimemlea kwa hadithi zako. Kama amekosa, lawama zote ziandikwe kwako, na kama hakukosa, sifa pia ni zako, ingawa kwa sasa huzitaki.

Kuhusu agizo lako, nimemfikishia, na amekubali. Usishangae. Amesema Jumapili atasimama mbele ya kanisa na kuomba radhi kama wazee wanavyotaka, na kama wewe unavyotaka. Ataomba radhi kwa jambo moja tu. Atasema aliyaongoza maombi yale vibaya, kwa kuwa kuna mtu alimpenda mno akashindwa kumtaja, na Mungu hapendelei. Halafu atamtaja na kumwombea, kwa jina na kwa haja, vile walivyofundishwa. Mimi mamake sitamzuia. Na wewe unawajua watu wetu, wataitikia.

Hata hivyo kabla ya Jumapili kuna Alihamisi. Kikao ni cha asubuhi, na yeyote anayeujua uwanja ana ruhusa ya kusema. Hutakiwi kumshtaki mtu. Unatakiwa useme habari ya makarai tu, kama ulivyotusimulia sisi, na kwamba ile sahihi uliitia ukiwa umechoka kulowa. Mtoto anasema ukifanya hivyo hatakuwa na radhi ya kuomba, na kama askofu hatamwekea mikono basi utamwekea wewe, inamtosha. Mabati warudishie bila hofu. Uweis, mumewe Ruqaiya, ameahidi makuti, na Menza na vijana wa uwanjani watakuja kuezeka. Hutalala mvuani. Hakuna anayetaka ulale mvuani, Shangazi, wala hakukuwa na haja ya kumngoja Ziro akuone unalowa. Sisi tulikuwepo, na hilo ni deni letu, nalibeba.

Menza atakuja Kakuyuni Alihamisi alfajiri. Atasimamisha tuktuk pale mnapochota maji na atapiga honi mara moja. Hatapiga ya pili, nimemkataza. Akirudi na kiti kitupu, hatutakuuliza kitu, na mtoto atavaa gauni lake jeupe Jumapili.

Nisalimie jirani zako wote, na yule mama wa mchicha umwambie nimemwekea vitambaa vya mwanawe. Ruqaiya anakusalimu kwa heshima, hajui lolote. Somo yako anakuamkia, ameniambia niandike hivyohivyo, kwamba anakuamkia na kwamba bado ni Kahonzi.

Ni mimi, uliyembeba mgongoni siku ya mawe,

Sidi